Grisi Chini ya Ngazi



Sisi tunaopitia stesheni ya Wynyard hapa Sydney twakijua kile kilichotundikwa juu ya vichwa vyetu. Ni vikanyagio vya mbao vya ngazi za umeme zilizopandisha na kushusha abiria tangu stesheni ilipofunguliwa mwaka 1932. Ngazi zilipong'olewa, msanii Chris Fox alivitundika pale, mwaka 2017. Wageni husimama wakapiga picha. Sisi tuliosomea uhandisi, tukiziona mbao zile, twakumbuka moto.

Treni za chini ya ardhi zilianza kwa uchafu. Kule London, mwaka 1863, zilivutwa na injini za mvuke, na moshi ukabaki humo shimoni pamoja na abiria. Sydney ilichelewa, ikafaidika kwa kuchelewa kwake. Stesheni za Museum na St James, zilizomo katika mpango wa mhandisi John Bradfield, zilifunguliwa Desemba 1926 kwa treni za umeme tangu siku ya kwanza.

Lakini umeme huondoa moshi tu, hauondoi takataka. Jioni ya tarehe 18 Novemba 1987, katika stesheni ya King's Cross, London, njiti ya kiberiti iliyokuwa ikiwaka ilipenya ukingoni mwa ngazi ya mbao. Sigara zilikwisha pigwa marufuku humo, ila watu waliziwasha wakiwa njiani kutoka. Chini ya ngazi kulikuwa na grisi ya mashine iliyogandamana na vumbi, karatasi na nywele kwa miaka mingi. Ikashika. Moto ulilala kwenye mteremko wa ngazi, ukapanda nao, ukalipukia ukumbi wa tiketi. Watu 31 walikufa.

Abiria hakuweza kuuona uchafu ule. Ulikuwa chini ya nyayo zake.

Ndiyo maana tukipima usafi kwa vikombe vitini na michoro ya rangi ubavuni mwa mabehewa, twapima nusu tu. New York ilipambana na michoro hiyo hadi Mei 1989, ilipoiondoa njiani treni ya mwisho iliyochorwa. Ilikuwa kazi ya kusifiwa, lakini ilikuwa ya uchafu unaoonekana.

Tangu 2024 treni ya umeme hukimbia kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Tukienda likizo twasifu viti na vioo vyake. Tuulize pia ya chini ya sakafu: nani husafisha, mara ngapi, na nani hukagua?

Na hapa ugenini, wengi wetu tulipata dola zetu za kwanza kwa kufagia na kupiga deki usiku. Tusione haya kuitaja kazi hiyo. Fedha zikipungua, ndiyo hukatwa mapema, kwa kuwa pengo lake halionekani kesho yake. King's Cross lilionekana baada ya miaka, kwa jioni moja.