BABU YAKO YUPO KWENYE KITABU CHA UBATIZO, ILA KWA JINA JINGINE

Wadau wa Runzewe, leo tuwaache mastaa kidogo tuongelee ukoo. Hapa machimboni watu wametoka kila kona. Muulize mtu babu wa babu yake aliitwa nani, kimyaaa.

Kumbe kitabu kipo jirani tu. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, Mwanza, mwaka 1883, na Ushirombo 1891. Aliyebatizwa aliandikwa: jina, wazazi, msimamizi, tarehe. Ushirombo walilelewa hata watoto waliokombolewa utumwani. Kwa wajukuu wao, mstari ule mmoja unaweza kuwa ndio alama pekee ya ukoo.

Shida ni majina. Kwetu jina la pili ni la baba, kila kizazi linabadilika. Halafu mzungu aliandika alivyosikia: Yohana anakuwa Joannes, ng' inapotea, L inageuka R. Mjerumani aliandika Muansa na Uschirombo, sembuse jina la babu yako!

Hata Waayalandi yamewakuta. O'Brien akawa Brien, na mwaka 1922 nyaraka za serikali zikaungua Dublin. Wengi wanategemea vitabu vya parokia, vilivyowekwa bure kwenye intaneti 2015.

Kwa hiyo usikomae na jina la ukoo. Tafuta kijiji, msimamizi na jina la mama. Ila kabla hujaenda parokiani, kaa na bibi kwanza. Andika kila jina analotaja, vilevile anavyolitamka. Kitabu kitakusubiri, bibi umri umeenda.