Bonde la Kerio na Mifereji Yake
Wageni hufika Iten, husimama ukingoni, hupiga picha za Bonde la Kerio na hao, wakaenda zao. Wachache huteremka hadi Cheploch kuwatazama vijana wakijirusha majini. Sawa. Mimi lakini nawaomba muangalie mifereji ya Wamarakwet. Kwa karne kadhaa, koo zao zimeyaelekeza maji ya mito kama Arror na Embobut kupitia magengeni, kwa mawe, magogo na matawi, hadi kwenye wimbi na mtama. Zamu hupangwa na koo zenyewe.

Joseph Thomson alipita huku 1883, na husimuliwa kwamba Iten ni ‘Hill Ten’ yake. Ajabu! Mpita njia twamtaja kwa jina. Waliopasua njia ya maji twawaita ‘wenyeji’ tu. Na miembe ya leo bondeni ingali yanywa maji hayo.