Bili ya Maji ya Nyando

Ukipanda matatu Awasi kuelekea Kisumu, makanga hata hajamaliza kukusanya nauli unafika Ahero na kuanza kuona mpunga. Wengi hudhani umekuwa hapo tangu enzi za babu zetu. Wapi! Mashamba hayo ni mradi wa serikali wa mwaka 1969, uliokusudiwa kuwatoa watu wa Kano kwenye umaskini.

Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, ambao Tom Mboya aliupigania sana, ulisema pesa za maendeleo ziende kwanza mahali zitakapozaa haraka. Ukiongea na wazee, watakwambia hapo ndipo Nyanza ilisahauliwa. Mimi nikitazama Kano naona jambo lingine: hatukusahauliwa, tulipangiwa. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji iliundwa 1966, na baada ya miaka mitatu pampu zilikuwa zikivuta maji ya mto Nyando kwenda Ahero. Mkulima alipewa ekari 4.

Alipewa azilime tu, maana hazikuwa zake. Alikuwa mpangaji mwenye leseni. Mpunga ulipelekwa kwa bodi, bodi ikakata gharama zake kwanza, kisha ikamlipa kilichobaki. Hata kufuga ng'ombe ndani ya mradi kulihitaji idhini. Hebu fikiria: Mjaluo wa Kano aombe ruhusa ya kufuga ng'ombe!

Mtindo huo ulitoka Mwea, ambako serikali ya kikoloni ilitumia wafungwa wa vita vya Mau Mau kuchimba mifereji. Lakini Mwea maji hushuka yenyewe kwa mteremko. Huku kwetu ni tambarare, kwa hivyo lazima yapandishwe kwa pampu, na pampu zinataka stima. Hapo ndipo mambo yanachekesha kwa uchungu. Mvua ndefu ikinyesha, Nyando inavunja kingo na kuingia mpaka jikoni, bure kabisa. Maji hayo hayo yakitakiwa shambani, kuna bili.

Kwa miaka mingi bili hiyo haikuonekana sana, kwa sababu mapato ya Mwea yalisaidia kubeba miradi mingine ya bodi. Halafu wakulima wa Mwea wakachoka. Mwaka 1998 waliasi, wakataka kuuza mpunga wao wenyewe. Sina lawama kwao. Ningekuwa Mwea ningeasi pia. Ila bodi ilikosa pesa, na kufikia mwaka 2000 hivi, pampu za Ahero zilikuwa zimenyamaza. Watu waliozoea kuambiwa lini wapande na nani atanunua wakabaki na mifereji mikavu, mto ukipita kando yao.

Katikati ya miaka ya 2000 serikali ilirudi ikafufua pampu. Mwaka 2019 sheria mpya ikaigeuza bodi kuwa Mamlaka ya Taifa ya Unyunyizaji. Tambarare ya Kano haijainama hata kidogo, na maji bado yanasubiri stima.