Kikosi cha Lafayette: Marubani Waliotangulia Nchi Yao

Tarehe 20 Aprili 1916, katika mji wa Luxeuil-les-Bains, mashariki mwa Ufaransa, kilizaliwa kikosi cha ndege namba 124. Kamanda wake, Kapteni Georges Thénault, alikuwa Mfaransa. Marubani wake saba walikuwa Wamarekani, na Marekani yenyewe ilikuwa bado haimo katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Saba hao wanastahili kutajwa wote: Norman Prince, William Thaw, Victor Chapman, Kiffin Rockwell, James McConnell, Elliot Cowdin na Bert Hall. Prince, mwanasheria kutoka Massachusetts, alibisha milango ya wakubwa wa Paris mpaka wakamsikiliza. Daktari Edmund Gros alimuunga mkono, na tajiri William K. Vanderbilt akatoa fedha. Thaw, Chapman na Rockwell walikuwa wameshaonja maisha ya mahandaki katika Jeshi la Kigeni la Ufaransa. McConnell alikuwa dereva wa ambulensi.

Tarehe 18 Mei, katika anga la Alsace, Rockwell aliisogelea ndege ya Kijerumani karibu kabisa, akafyatua risasi nne tu, ikaanguka. Huo ndio ushindi wa kwanza wa kikosi. Nduguye Paul akampatia chupa ya wiski. Rockwell akanywa funda moja, iliyobaki ikawekwa akiba, funda moja kwa kila atakayeangusha ndege.

Kisha wakapelekwa Verdun. Clyde Balsley, kijana aliyejiunga baadaye kidogo, alijeruhiwa vibaya tarehe 18 Juni. Kitandani kiu ilimtesa na maji alikatazwa, hivyo Chapman akawa anamtafutia machungwa. Tarehe 23 Juni Chapman alipakia machungwa kwenye ndege yake ndogo ya Nieuport, aelekee hospitalini. Njiani akawaona wenzake wamekabana na adui. Angeweza kupita. Alijitosa, akauawa, akawa rubani wa kwanza wa Kimarekani kufa katika vita ile. Nimesoma mengi kuhusu kikosi hiki, na sijaona tendo linaloeleza roho yake kuliko safari ile ya machungwa.

Mwaka ule ulikuwa mchungu. Rockwell aliuawa Septemba, Prince akafariki Oktoba baada ya ajali wakati wa kutua. Palikuwa na mikwaruzo pia, na wapo walioondoka mapema, lakini waliobaki walishikamana. Furaha yao ilikuwa mwanasimba waliyemnunua Paris, wakamwita Whiskey, na baadaye mwenzake wa kike, Soda. Simba hao walimpenda zaidi Raoul Lufbery, bingwa wa kikosi, aliyeangusha ndege 16 kabla ya kuhamia jeshi la nchi yake.

Ujerumani ililalamika kwamba taifa lisiloegemea upande lina kikosi vitani. Hivyo jina la kwanza, Kikosi cha Kimarekani, likaachwa, na Desemba 1916 likaja la Lafayette, yule kijana wa Kifaransa aliyevuka bahari mwaka 1777 kuwapigania Wamarekani. Jina hilo ni zuri kuliko la kwanza, maana linataja deni lililokuwa likilipwa.

Wamarekani 38 walipitia kikosi hiki. Wengine wengi walitawanywa katika vikosi vya Kifaransa, na miongoni mwao alikuwa Eugene Bullard wa Georgia, rubani Mweusi aliyejeruhiwa Verdun akiwa askari wa miguu kabla ya kuruka na vikosi vya 93 na 85 mwaka 1917. Marekani ilipowachukua marubani wake, yeye hakuchukuliwa, kwa sababu ya rangi yake. Ufaransa ilimpa nishani ya Legion of Honour mwaka 1959. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka 1994, miaka 33 baada ya kifo chake. Jina lake na lisomwe pamoja na ya wale saba.

Februari 1918 kikosi kiliingizwa katika jeshi la Marekani, kikawa Kikosi cha 103. Tarehe 4 Julai 1928 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa Marnes-la-Coquette, karibu na Paris. Mwaka 1940 marubani Wafaransa wa kundi la La Fayette, warithi wa kikosi hicho, walipigana kwa ndege za Kimarekani za Curtiss. Mwaka 1943, Afrika Kaskazini, walipewa P-40, nazo za Kimarekani. Baadaye zikaja Mirage, na tangu 2018 Rafale, katika kambi ya Saint-Dizier, na alama ni ile ile ya 124: kichwa cha shujaa wa Kisioux.