Matabaka ya bahari mbele ya Mto Tana
Matabaka ya Bahari Hindi mbele ya Mto Tana huanzia Ghuba ya Ungwana. Mto Tana, baada ya kupita Garissa na Bura, huingia baharini karibu na Kipini ukiwa mwekundu kwa udongo; katika tope hilo ndimo kamba wa Ungwana wanamokulia.

Tabaka la juu, hadi mita 200, hupata mwanga wa kukuza mimea midogo inayoelea, ambayo ndiyo msingi wa chakula cha dagaa na hatimaye jodari. Kati ya mita 200 na 1,000 ni utusitusi. Wakazi wengi hupanda usiku kula na kushuka kabla ya alfajiri.

Maarufu kuliko wakazi wote wa utusitusi huo ni silakanti, samaki mwenye mapezi manene yenye nyama, aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2001 mmoja alinaswa na wavu wa kukokota nje ya Malindi.

Chini ya mita 1,000 ni giza na baridi. Majongoo ya bahari hula mabaki yanayodondoka kutoka juu.