Njia ya Zamani ya Buta na Vitabu vya Bula Matari

Nilivuka daraja la Tshopo asubuhi, nikashika njia ya zamani ya Buta hadi Masako, kilomita 14 hivi kutoka Kisangani, pale mto unapouzungushia mkono msitu wa akiba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani huja huku kuhesabu miti na panya. Mimi nilifuata hesabu nyingine, ile ya watu.

Njia hii huelekea eneo la Uele. Enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji, katika baadhi ya maeneo ya mpira, mwanamume alivaa shingoni kibati chenye namba, wakala akaandika kitabuni kama ametimiza kiwango chake. Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Wabelgiji wakataka kuikinga Uele: msafiri akapapaswa tezi za shingo, akadaiwa pasipoti ya afya, na mgonjwa akapelekwa lazareti, kambi ya kuwatenga wagonjwa, kama ile ya Ibembo. Malale yaliua kweli, sikatai. Lakini pasipoti hiyo hiyo ilimsaidia Bula Matari, yaani serikali ya kikoloni, kujua nani anatembea, na kumzuia.

Linaloniuma zaidi ni sheria ya 1910 ya kuwahamisha watu kwa nguvu. Hapakuhitajika kesi wala hakimu. Ilitosha ofisa aone kwamba fulani huenda akavuruga amani. Mhubiri Simon Kimbangu alikamatwa 1921, na kwa miaka mingi baadaye wafuasi wake walitupwa mbali na kwao, wengine Lowa, kwenye mto wetu Lualaba. Familia nzima ziliadhibiwa kwa kosa ambalo halijatendeka.

Ndiyo maana niliposoma habari za polisi wa Chicago, niliwaza Lowa. Kompyuta yao iliwapa watu alama kwa kukisia nani atapiga risasi au kupigwa; orodha hiyo iliachwa 2019. Wino umebadilika, kitabu ni kile kile.

Na sisi Wakongo? Tangu 2005 tunatoa alama za vidole ili tupate kadi ya mpiga kura, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ndiyo kitambulisho chetu. Mwaka 2020 kila simu ilianza kuandikishwa kwa mfumo wa RAM, yaani rejista ya simu za mkononi, salio la watu likakatwa kulipia ada yake, hadi kelele za wananchi zilipoukomesha 2022. Sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023 inakupa haki ya kuuliza habari zako zimewekwa wapi na zinatumiwaje. Wana Kisangani, ulizeni, tena kwa maandishi.