Noeli Iliyofutwa Kwenye Kalenda



Katika Majilio ya mwaka huu, kijana mmoja wa kundi letu alituuliza swali ambalo tuliliona dogo mpaka tulipojaribu kulijibu. Alisema: «Mwalimu, nikimpa mdogo wangu zawadi niliyoitengeneza kwa mikono, si atajua mara moja kwamba sina pesa?» Wenzake walicheka, kisha wote wakatazama chini. Sababu ya kutazama chini tunaijua. Tangu mabenki ya mji wetu yalipofunga milango mnamo Februari 2025, hata mzazi mwenye mshahara amejikuta akihesabu franga moja moja, na wengi wenu mmesikia nyumbani neno «mwaka huu hapana» kabla hamjaomba chochote.

Hatukumjibu siku ile. Tulitaka kwanza kuwauliza wazee, kwa sababu swali lenyewe lina historia hapa Bukavu. Mtu anayeona haya kutoa kitu cha mikono yake anadhani kwamba zawadi ya dukani ndiyo zawadi hasa, na ya nyumbani ni kiraka cha kuzibia. Katika mji huu mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine.

Tuanze na tarehe 25 Desemba 1974. Ilikuwa Jumatano. Wafanyakazi wa serikali waliamka, wakaoga, wakaenda kazini kama Jumatano nyingine yoyote. Mwaka huo utawala wa Rais Mobutu ulikuwa umeiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa. Jambo hilo halikutokea ghafla. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alipopinga, alilazimika kuishi Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka huohuo vyama vya vijana vya Kanisa vilipigwa marufuku, akabaki mwenyeji mmoja tu, JMPR, tawi la vijana la chama tawala. Xaveri, ambayo Padri Georges Defour wa Mapadri Weupe aliianzisha hapahapa Bukavu mwaka 1952, ilikuwa miongoni mwa walionyamazishwa. Mwishoni mwa mwaka 1974 shule za Kanisa zilitwaliwa na serikali, somo la dini likaondolewa, na misalaba ikateremshwa kutoka kwenye kuta za madarasa. Picha ya Rais ilibaki ukutani.

Upande wa maduka nako palikuwa na jambo lake. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatapewa wananchi wa Zaire. Nia ilisemwa kuwa njema. Lakini wengi waliogawiwa maduka waliuza kilichokuwa kwenye rafu bila kuagiza kingine, na baada ya miezi kadhaa rafu zikawa mbao tupu. Kwa hiyo Noeli ya mwaka 1974 iliwakuta watu wa Bukavu bila siku ya mapumziko, na pia bila kitu cha kununua.

Kilichobaki ni usiku na nyumba. Usiku haukuwa na sheria iliyoukataza, na ndani ya nyumba hapakuwa na ofisa wa kuhesabu sikukuu.

Sisi tuliozaliwa karibu na mwaka 1970 tulikuwa wadogo mno kukumbuka wenyewe. Tunayoyasimulia tumeyapokea kwa mama zetu na kwa wazee wa Kadutu, na wote wanakubaliana juu ya jambo moja: mgomba. Wanaume walipotoka kazini walikuta watoto wamekwisha kujenga pango la Noeli kwenye kona ya chumba, kwa maganda makavu ya mgomba na matawi ya mkaratusi. Bikira Maria na Yosefu walifinyangwa kwa udongo wa bondeni, wakakaushwa karibu na moto wa kupikia. Mtoto Yesu alifichwa ndani ya chungu mpaka saa sita ya usiku. Kisha zilitolewa zawadi, na kila zawadi ilikuwa na mtu aliyeonekana akiitengeneza: mpira wa majani ya mgomba uliofungwa kwa kamba, mwanasesere wa vipande vya kitenge vilivyookotwa kwa fundi cherehani, kibuyu kidogo kilichotiwa punje za mahindi ili mtoto mchanga akitikise. Mama mmoja alitueleza kwamba mwaka ule alipewa na kaka yake kitunga kisichozidi ukubwa wa ngumi, na kwamba anakiwekea vifungo vya nguo hadi leo. Hakumbuki zawadi alizopata miaka iliyotangulia, wakati maduka yalikuwa na vitu.

Hapa tunapaswa kurudi nyuma zaidi, maana mtu atauliza: zawadi za dukani zilifikaje Bukavu?

Hadi mwaka 1954 mji huu uliitwa Costermansville. Wabelgiji waliojenga nyumba zao kwenye rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu walikuja na desturi ya kwao, nayo haikuwa hasa ya Noeli. Ilikuwa ya tarehe 6 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Nikola. Nikola alikuwa askofu wa Myra, katika nchi inayoitwa leo Uturuki, katika karne ya 4. Mabaki yake yalipelekwa Bari, Italia, mwaka 1087, na heshima yake ikaenea Ulaya. Masimulizi husema kwamba alirusha fedha usiku kupitia dirisha la baba mmoja maskini aliyekuwa na mabinti watatu wasio na mahari, akaondoka bila kujitambulisha. Ndiyo maana watoto wa Ubelgiji huweka viatu vyao usiku wa kuamkia sikukuu hiyo, na asubuhi hukuta ndani yake matamu na vitu vya kuchezea.

Mtoto wa Kadutu ambaye baba yake alipika au kufagia katika nyumba za rasi zile aliisikia habari hiyo, na pengine alikiona kiatu chenyewe. Lakini habari ilimfikia nusu. Hakusikia juu ya askofu aliyejificha gizani ili maskini asione haya. Aliona kitu king'aacho kutoka dukani mikononi mwa mtoto wa bwana. Tunadhani, na hii ni hukumu yetu wenyewe, kwamba hapo ndipo ilipoanza kuota ile aibu aliyotuletea kijana wetu. Zawadi ikawa kipimo cha nani amefika na nani hajafika.

Bushi yenyewe ilikuwa na adabu ya zamani zaidi. Mtu hakwenda kwa wakwe zake mikono mitupu, wala hakwenda na kitu asichojua kilikotoka. Alibeba maharagwe ya shamba lake, au kasiksi aliyoikamua mwenyewe, ndani ya kitunga kilichosukwa nyumbani. Aliyepokea alijua ni mikono ya nani imesuka na ni migomba ya nani imekatwa. Hakuna aliyeuliza bei.

Na pango lenyewe tunaloliweka kanisani lilianza vilevile. Mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi aliomba katika kijiji cha Greccio atayarishiwe hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Hapakuwa na sanamu za kununuliwa. Baba Mtakatifu Fransisko alikwenda Greccio tarehe 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake juu ya pango la Noeli, na humo anasifu familia zinazolijenga kwa vifaa vya namna zote. Tulipoisoma barua hiyo katika jumuiya yetu, bibi mmoja alisema tu: «Sisi tulikuwa na mgomba.»

Kizazi chetu kilirithi mikono hiyo kwa sehemu tu. Sherehe zilirudi hadharani kidogo kidogo. Mwezi wa Februari 1977 Kanisa lilitia sahihi mapatano na serikali ya kurudishiwa uendeshaji wa shule zake, na tukajifunza katekisimu darasani. Lakini fedha iliendelea kuoza. Mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zilibadilishwa kwa zaire moja mpya, na mtu aliyeweka akiba ya Noeli alibaki na karatasi. Sisi wavulana tulikuwa mafundi wa magari ya waya: vyuma vya mwavuli uliokufa, magurudumu yaliyokatwa kwenye ndara za zamani, usukani mrefu wa fito ili dereva akimbie akiwa wima. Vizibo vya chupa za bia vilikuwa taa za mbele.

Kisha ukaja mwezi wa Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda wakavuka Ruzizi kwa maelfu, na makambi yakajaa Panzi, Inera na Kashusha. Pamoja nao yalikuja makopo makubwa ya mafuta ya msaada, yenye bendera ya Marekani. Mafuta yalipokwisha, bati lilibaki. Na bati lile lilikuwa jembamba, laini, rahisi kukatwa kwa mkasi. Noeli ya mwaka huo tuliwaona watoto wa kambi na watoto wa Bukavu wakisukuma magari ya bati ya aina moja, yenye nyota na mistari ubavuni. Wazazi wao hawakuzungumza wao kwa wao. Watoto walibadilishana magurudumu.

Msituelewe vibaya. Hatusemi kwamba umaskini ni mzuri, wala kwamba pango la migomba linamlipa mwalimu asiyepata mshahara. Askofu Mkuu wetu Emmanuel Kataliko, katika ujumbe wake wa Noeli wa mwaka 1999, alisema waziwazi juu ya wale wanaopora mali ya nchi hii na kuwaachia watu vita. Mnamo Februari 2000 watawala wa wakati ule walimzuia kurudi katika jimbo lake, akakaa Butembo mpaka Septemba, na tarehe 4 Oktoba 2000 akafariki Roma. Hakutumia Noeli kuwatuliza watu wakubali kuibiwa. Nasi hatutaki kuitumia hivyo. Tunachokataa ni kwamba aibu ya hali hii ibebwe na kijana mwenye mkasi na gundi mkononi.

Na kwa kuwa mmeuliza pia namna ya kufanya, tuseme machache, maana ujuzi huu unapotea na makosa yake tumeyafanya sote.

Maganda ya mgomba yakusanywe wakati wa kiangazi, Julai na Agosti, yakiwa yamekauka kwenye shina lenyewe. Mkingoja Desemba mtakuta mvua imeyaozesha, na ndivyo wengi wanavyokata tamaa. Yachukueni asubuhi, umande ukiwa bado juu yake. Yakipigwa na jua la mchana huvunjika mkononi. Yafuteni kwa kitambaa, yanyosheni, yawekeni siku kadhaa chini ya kitu kizito. Mtaona kwamba shina moja hutoa rangi nyingi, kuanzia nyeusi hadi rangi ya maziwa, na kwa hizo peke yake mtu anaweza kubandika kwenye karatasi ngumu picha ya mama aliyebeba mtoto bila kutumia tone la rangi ya dukani.

Gundi ni unga wa muhogo uliokorogwa katika maji ya moto mpaka uvute. Lakini tahadhari. Mwaka wetu wa kwanza wa mazoezi ya ualimu tuliwaongoza watoto wa darasa la nne kutengeneza kadi za Noeli kwa gundi hiyo, tukazifungia katika kabati la shule, tukaenda zetu tukijisifu. Baada ya juma moja panya walikuwa wamekula Mamajusi wote watatu na sehemu kubwa ya ng'ombe. Watoto walilia, na mwalimu aliyekuwa akitusimamia aliandika jambo katika daftari lake. Tangu siku hiyo tunaning'iniza kazi zetu kwenye kamba, juu, katikati ya chumba, na tunatia majivu kidogo ndani ya gundi.

Waya usikunjwe mara mbili mahali pamoja, utakatika. Kitenge kioshwe kabla ya kushonwa, la sivyo rangi itamwagika kwenye nguo ya mtoto siku ya kwanza. Pindo la mwanasesere lishonwe mara mbili, kwa kuwa mtoto atamvuta miguu. Tena kitu kitengenezwe kwa ajili ya mtu mmoja, si kwa ajili ya «watoto». Mpimieni mkono wake kabla ya kupima mpini.

Kijana aliyetuuliza lile swali alirudi Jumapili iliyopita baada ya Misa ya pili. Alikuwa ameficha kitu ndani ya koti. Ni gari la waya, lenye mlango unaofunguka, na ubavuni ameandika kwa msumari jina la mdogo wake. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa likiyumba. Tuliketi naye kwenye ngazi za kanisa tukamwonyesha namna ya kukunja ncha ya ekseli kwa koleo, na wenzake wanne walisimama kutuzunguka wakitazama mikono yetu.